Barua kwa wazazi wa skauti wetu Dodoma: warudishieni watoto kambi yao

Mbukwenyi wazazi wenzangu. Habari za huko Nkuhungu, Area C, Kizota, Ipagala, na ninyi mliohamia na serikali mkajenga kule Mtumba. Naandika mimi mzee wenu wa skauti, babu kama watoto wanavyoniita, na naandika wazi kwa sababu nilichokiona kambini Hombolo wiki iliyopita kimeninyima usingizi, na nikisema kwenye kikao mtanijibu "sawa mzee, tumekuelewa" halafu mambo yanarudi palepale.

Nianze na karatasi. Ni karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo imeanza kuchanika, imeandikwa kwa peni ya bluu PATROLI YA MWEWE, WATU 7 (patroli ni kikundi kidogo cha skauti chenye kiongozi wake). Unga kilo 6. Dagaa, nyanya, vitunguu, mafuta, na neno chumvi limepigiwa mstari mara mbili maana kambi iliyopita waliisahau. Chini yake zamu: nani kuni, nani maji, nani anasonga ugali, nani anaosha masufuria. Aliyeiandika ni binti wa miaka 14, ndiye kiongozi wa patroli. Alienda mwenyewe soko la Majengo kuuliza bei, akaja kwenye baraza la viongozi wa patroli akawatetea wenzake kwamba elfu 12 kwa kila mtoto inatosha siku mbili. Wakabishana weee, wakapiga kura, ikapita. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni kwenye jiwe na sikutia neno, japo kuna bei mbili niliona amekosea, maana nilijua sokoni atajionea.

Sasa kwenye grupu la wazazi la WhatsApp mambo yakageuka usiku mmoja. Elfu 12 watakula nini hawa? Watalala wapi na huu upepo wa Dodoma? Kufika asubuhi mchango umekuwa elfu 45, Kosta imekodiwa, mpishi kapatikana, mahema yanaenda kufungwa na vijana wa kulipwa. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeulizwa, na mimi mwenyewe niliambiwa mambo yameshakwisha.

Tumefika Hombolo mahema yamesimama. Pilau iko jikoni. Watoto wameshuka kwenye gari hawana la kufanya, yaani saa tisa mchana skauti wangu wamejibanza kwenye kivuli cha Kosta wanacheza gemu kwenye simu. Yule binti alisimama na karatasi yake mkononi akiangalia yale masufuria makubwa ya mpishi, kisha akaikunja taratibu akaja kunipa. Akaniambia "babu shika tu, haina kazi." Hakulia. Afadhali angelia.

Wazazi wangu, najua mlifanya kwa mapenzi, na hakuna aliyekula hela ya mtu. Lakini mlimpokonya. Mtoto aliyepewa patroli amepewa watu 6 wa kuwaangalia, kujua nani anaumwa tumbo, nani anaogopa giza, nani mvivu wa kwenda kuchota maji na amsemesheje bila kumtukana. Hayo hayafundishwi ubaoni. Na huu utaratibu sikuutunga mimi, ndivyo skauti ilivyoanza. Mwaka 1907 Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, yule aliyezikwa hapo jirani Nyeri, Kenya, aliwachukua wavulana kama 20 kwenda kisiwa cha Brownsea kule Uingereza, akawagawa patroli nne, na kila patroli ikawa na kiongozi wake mvulana mwenzao. Kundi linaendeshwa na vijana, sisi watu wazima tupo kuwafundisha hao viongozi na kushika mipaka: usalama, afya, mambo ya sheria. Mtoto akitaka kuogelea bwawani mimi nasema hapana na hakuna kura. Moto ukiwashwa karibu na nyasi kavu nasema hapana. Ila ugali ukiwa mbichi sisemi kitu.

Na ulishakuwa mbichi. Kambi ile ya mwaka jana patroli moja walitia unga maji hayajachemka, ukatoka uji wenye madonge, wakaula hivyohivyo na dagaa zisizo na chumvi, usiku mtoto mmoja akampigia mama yake na saa sita mama akafika na hotipoti ya wali kuku. Wakala, wakacheka, wakalala. Patroli ya pili waliounguza ugali wao hawakuwa na mama wa karibu, asubuhi waliamka mapema wakaweka maji, wakasubiri yachemke, mmoja kashika sufuria mwingine mwiko, wakasonga ugali mtu unakata kwa mkono. Wale wa hotipoti mpaka leo hawajui kusonga.

Hili limetuzidi sisi kama jamii, si skauti tu. Mtoto wa mjini siku hizi ni bweni, tuisheni, dada wa kazi anamfulia, gari linamngoja getini. Tunachotaka ni A kwenye cheti. Halafu akifika chuo, bumu, yaani hela ya mkopo, la miezi miwili linaisha wiki tatu, tunashika vichwa tunauliza huyu mtoto kalelewa na nani. Enzi zetu mtoto wa Kigogo wa miaka 10 alikabidhiwa ng'ombe wa ukoo mzima akaenda nao machungani, jioni anahesabu mwenyewe. Tuliaminiwa jamani! Mbona hawa wetu hatuwaamini hata na kilo 6 za unga?

Mnaweza kusaidia, tena sana. Fomu ya afya ijazwe ukweli, kama mtoto ana pumu au anakojoa kitandani niambieni mimi, nitatunza siri. Mchango uje kwa wakati. Tuazimeni madumu, turubai, masufuria. Mwenye pikapu abebe mizigo. Kwenye mambo ya watoto, mtu mzima hakai peke yake na mtoto mmoja sirini, tunatakiwa wawili wakati wote, kwa hiyo tunahitaji watu wa kulala kambini, kina mama hasa. Aliye nesi aje afundishe kufunga jeraha, fundi aje na mafundo ya kamba, halafu akishafundisha akae pembeni. Sweta nzito wafungashie, mwezi wa 7 usiku hapa si mchezo. Na mtoto akisema kambi ilikuwa ngumu, muulize alifanyaje, usinipigie mimi kwanza.

Nimemrudishia yule binti karatasi yake. Baraza limekaa Jumamosi, wamesema wanarudi Hombolo kwa elfu 12 ileile, wataomba pikapu ya mizigo tu. Mtaletewa barua na watoto wenyewe, imeandikwa kwa mkono, ina makosa ya herufi sehemu mbili tatu. Naombeni msiisahihishe, sainini tu mrudishe.