Rula inasema mita 72, futi kamba inasema 23

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu enzi za kutumwa dukani kulinunua na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja, ila ile habari yenu ya waliojenga mabondeni imenikaa kooni. Yule ofisa mliyemnukuu anasema watu wanajitakia, ramani ya mipango miji ipo wazi, si wakaangalie kabla ya kununua. Mwandishi wenu akaishia hapohapo. Sasa mimi nilienda kuangalia.

Mwaka 2009 nilipata kiwanja karibu na mto Tegeta, nikaenda ofisini na namba ya ploti mkononi. Kijana akanitandazia mchoro mezani, skeli 1:2500, yaani sentimeta 1 ya karatasi ni mita 25 za ardhini, akaweka rula kutoka bikoni ya nyuma, ile alama ya zege ya mpaka wa kiwanja, mpaka mstari wa bluu wa mto, akasoma sentimeta 2.9. Mita 72 na nusu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, haitaki shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, kwa hiyo nikaambiwa mama uko salama na unabakiwa na mita 12. Nikalipa, nikajenga kwa kudunduliza.

Nisichojua kuuliza ni ule mstari wa bluu ulichorwa lini. Pembeni kulikuwa na mwaka, 1994, nikauona nikaupita. Kingo za huku ni mchanga mtupu, halafu malori yanaingia mtoni usiku kuchota huohuo mchanga, wakishachimba chini kabisa masika ikija maji yanakula pembeni, ukuta wa udongo unamomonyoka na kuanguka vipande vikubwa unausikia ukiwa kitandani, mwembe wa jirani yangu umeenda na mizizi yake na banda la kuku la watu wa ng'ambo limeenda, na juzi nimeazima futi kamba ya fundi nikapima na mwanangu kutoka bikoni ileile, haijang'olewa wala kusogezwa, mpaka pale ardhi inapokatika. Mita 23. Mimi nimekaa palepale, mto ndo umenifuata, na siku wakija wa kubomoa watapima kwa futi, hawatapima kwa rula ya 2009! Wote tunakumbuka mwisho wa 2015 na Januari 2016 bonde la Msimbazi, zile X nyekundu ukutani na watu wamesimama na karatasi zao mikononi katapila linaingia.

Na hapo sijagusa wanaotapisha vyoo mvua ikianza. Mtu anasubiri mtaro ujae anatoboa shimo lake, sisi wa chini tunapokea, watoto wanavuka kwenda shule humohumo. Nimeshaenda serikali ya mtaa mara 3, naambiwa nilete ushahidi, sijui wanataka niuchote kwenye ndoo.

Wafanye hivi. Kila Juni masika ikikatika, mpima, mtendaji na wajumbe wawili watembee mtoni kila baada ya hatua 50 wasimike nguzo ya zege yenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu, pale mita 60 za mwaka huo zinapoishia, na mwaka uandikwe kwa rangi nyekundu. Mto ukihama nguzo ihame, na mwenye nyumba aambiwe mwaka huohuo, sio siku ya katapila. Na mchoro ambao mstari wake wa mto umepita miaka 3 ofisa asiuwekee rula mbele ya mnunuzi. Nguzo za kipande chetu natoa saruji mimi, mifuko 4 iko stoo, waje wachukue kabla ya vuli maana paa linavuja na itaganda.

Msomaji wako,
Tegeta, Dar es Salaam