Ndugu yangu Athumani, nunua ya springi

Birmingham, Jumapili jioni

Ndugu yangu Athumani,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa Zuhura. Ujumbe wako nimeusoma, na kwa kuwa jambo lenyewe nalipenda, nimeona nikuandikie kwa nafasi. Unauliza ununue bunduki gani ya upepo, ya springi au ya kujazwa hewa, maana klabuni kwenu Leicester karibu wote wana za kujazwa, nao wanakwambia springi imepitwa na wakati.

Nunua ya springi.

Ukiikoki, mkono wako ndio unaoibana springi. Ukivuta kifyatulio, springi inaisukuma pistoni, pistoni inaikandamiza hewa iliyo mbele yake, na hewa hiyo ndiyo inayoitoa risasi. Sasa pistoni ile ni nzito. Ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma; ikigota kwenye hewa iliyobanwa, bunduki inasukumwa mbele, na purukushani hiyo inaanza risasi ikiwa bado mtutuni. Ukiikaba kwa nguvu, au ukiishika hapa leo na pale kesho, risasi inakwenda inakotaka. Inabidi uilaze juu ya kiganja kilicho wazi, mahali palepale kila mara, bega liipokee bila kuisukuma, uiache icheze itakavyo, na jicho lisiondoke kwenye shabaha hata baada ya mlio. Ni kama kumbeba mtoto aliyelala: ukimkaza anaamka.

Raha yangu yote iko hapo, Athumani. Risasi tano zikitua karibu karibu, mita 30 mbele, najua zimetoka kwenye pumzi yangu na mikono yangu. Zikitawanyika, bunduki inanionyesha ni wapi nilipokaza. Hakuna mwalimu aliyenifundisha kutulia kuliko chombo hiki. Tena unakoki, unaweka risasi, unalenga. Haukimbizani na idadi, kila risasi unaipa haki yake.

Ya kujazwa ni habari nyingine. Ina mtungi mdogo, mara nyingi chini ya mtutu, wenye hewa iliyoshindiliwa kufika baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) au zaidi. Nyundo ndogo inaigonga vali, vali inaachia hewa kidogo, risasi imeondoka. Bunduki karibu haitikisiki. Aliyeanza juzi anaweza kuziweka risasi zake zote kwenye tundu moja, na kwa anayetafuta pointi za mashindano siwezi kumshauri vingine. Kwenye mita 10 za Olimpiki, mchezo ulioingia Los Angeles mwaka 1984, leo wanalenga kwa hewa ya kujazwa.

Ila hao wanaosema springi imepitwa na wakati waambie wasome historia. Bunduki ya kujazwa ya Girardoni ilibuniwa karibu mwaka 1780 ikatumiwa na jeshi la Austria, na wale wapelelezi Lewis na Clark waliibeba moja walipovuka Marekani kati ya 1803 na 1806. Ile ya springi ya Lincoln Jeffries, iliyoundwa na kiwanda cha silaha cha BSA hapa hapa Birmingham, ubunifu wake ulisajiliwa mwaka 1904. Kati ya hizo mbili, mzee ni ile ya mtungi.

Na mtungi una gharama zake. Utahitaji silinda kubwa kama ya wapiga mbizi, inayokaguliwa kila baada ya muda kwa sheria, au pampu ya mkono itakayokutoa jasho na kuingiza unyevunyevu usipokuwa mwangalifu. Ijazwe hewa safi tu. Oksijeni usiiruhusu hata kwa mzaha, italipuka, na mafuta ya kawaida usiyapeleke karibu na vali.

Kwa Zuhura nabadilisha neno. Springi nzuri ina uzito wa kilo nne hivi kabla ya darubini, na kuikoki kunataka mkono wa mtu mzima. Akitaka kujifunza, ya kujazwa iliyo nyepesi ndiyo yake, maana atajifunza kulenga kwanza bila kupigana na chombo. Kwa kuwa hajatimiza miaka 14, lazima awe na msimamizi wa miaka 21 au zaidi.

Kwako wewe, tafuta HW77 au HW97 ya Weihrauch, au TX200 ya Air Arms, hata iliyotumika, mradi imetunzwa. Chukua ya risasi za milimita 4.5. Darubini iwe iliyotengenezwa kustahimili springi, kwa sababu ule mtikisiko wa kwenda na kurudi huvunja za kawaida. Usiifyatue bila risasi ndani. Nguvu ya risasi inapotoka isizidi futi-pauni 12 (kipimo cha nishati), la sivyo unahitaji leseni. Na ukienda kwa shemeji yako Glasgow, iache nyumbani: Uskoti kibali kinatakiwa tangu mwisho wa 2016, hata kwa hizi za nguvu ndogo.

Jumamosi ijayo njoo klabuni kwetu na Zuhura. HW77 yangu itakuwepo, na rafiki mmoja ameahidi kutuazima ya kujazwa, uzijaribu zote mbili mkononi. Fikeni kabla ya saa nne, baada ya hapo nafasi za kulengea zinajaa.

Wasalaam,
Bakari