Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara

YAH: WATU WA KUSINI KUINGIZWA KWENYE UTAFITI WA SARATANI YA MATITI YA KURITHI

Shikamoo Daktari,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jambo lenyewe ni la kina mama, na la kina baba pia, ingawa wengi wao hudhani haliwahusu.

Nilimsindikiza mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kupima uvimbe kwenye ziwa. Muuguzi akafungua daftari lake, akauliza: "Kwenu kuna mwenye saratani?" Akajibu hakuna. Ikaandikwa "hakuna", akaitwa mwingine. Mdogo wangu hakudanganya. Daktari, Wamakonde unatujua: ukituuliza habari za kwetu, tunakuhesabia ukoo wa mama. Shangazi yake, dada wa baba, alifariki kwa saratani ya ziwa akiwa bado kijana, lakini yule ni wa ukoo mwingine.

Jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, hazijali ukoo. Mwaka 1990 Mary-Claire King wa Marekani alionyesha kwamba kwenye kromosomu ya 17 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni) kuna jeni inayohusika na saratani ya matiti ya kifamilia. Hiyo ndiyo BRCA1, iliyotambuliwa kamili mwaka 1994; BRCA2 ikafuata mwaka 1995. Hitilafu yake baba huirithisha sawasawa na mama, na kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipata. Baba anaweza kuzeeka akiwa mzima, binti yake akaugua.

Sisemi kila uvimbe ni wa kurithi. Kati ya wagonjwa 100, wa namna hiyo ni kama 5 hadi 10. Lakini mwanamke mwenye hitilafu kwenye mojawapo ya jeni hizo yuko hatarini kweli: inakadiriwa takriban 70 kati ya 100 huugua kabla ya kutimiza miaka 80. Makadirio hayo yametokana zaidi na familia za Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia. Ndiyo maana Mwafrika akipimwa jeni, mara nyingi kuliko Mzungu huambiwa badiliko limeonekana ila maana yake haijulikani. Majibu gani hayo ya kumpa mtu aliyetoka Kitangari hadi Dar es Salaam? Na ni wanawake wenye asili ya Afrika wanaopata zaidi ile saratani isiyosikia dawa za homoni, aina ambayo BRCA1 huhusishwa nayo sana.

Ninaloomba kwanza halihitaji mashine wala mfadhili. Swali la kliniki ligawanywe: upande wa mama nani aliugua, upande wa baba nani, akiwa na umri gani. Saratani ya vifuko vya mayai ya uzazi iulizwe pia, na wanaume waulizwe.

Pili, watafiti wakitafuta washiriki, wasiishie kwa waliobahatika kufika hospitali za Dar es Salaam, Ocean Road au Muhimbili. Hospitali ya Ligula ipo, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo, na wenzetu wa Lindi wana Hospitali ya Sokoine.

Ila damu tumeshachukuliwa sana huku, magari yakaondoka, majibu hatukuyaona. Safari hii tuelezwe kabla ya sindano: damu itahifadhiwa wapi, nani atarudi na majibu, na atakayekutwa na hitilafu atachunguzwa wapi kila mwaka bila kuuza shamba. Kumwambia mtu ana hatari kisha kumwacha nayo ni ukatili. Siri nayo itunzwe. Kijijini likivuma kwamba nyumba fulani ina kansa ya kurithi, mabinti wa pale hawaposwi tena.

Mkipanga kuja vijijini, msije kati ya Oktoba na Desemba. Watu wako mikoroshoni na minadani, mtakuta kuku tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Newala