Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayemtamani Ali Soilih mwingine

Mpwa wangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako umenifikia pamoja na picha uliyoiambatanisha ya Ali Soilih, aliyeitawala Komoro miaka ya 1970. Unasema kwamba Komoro haikuwahi kupata kiongozi wa kweli ila yeye, kwamba aliuawa na wazungu wakishirikiana na matajiri kwa kuwa aliwapenda maskini, na kwamba pwani yetu yote ingenyooka lau ingepata mtu wa aina yake. Nimeona nikujibu hadharani, kwa sababu najua vijana wengi wana fikra kama yako, na kwa sababu jambo lenyewe limo katika damu yetu: bibi yako, aliyetuzaa mimi na mama yako, alikuwa Mngazija, mtu wa kisiwa cha Ngazija huko Komoro, na habari za visiwa vile zilikuwa zikizungumzwa barazani kwetu hata kabla hujazaliwa.

Mtu huyu hakutokea msituni wala vijiweni. Alizaliwa Majunga, Madagaska, mwaka 1937, akasomea kilimo, akawa mbunge, kisha waziri katika serikali ya Said Ibrahim mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliijua serikali kwa ndani, na aliijua siasa ya koo na miji kama mwanasiasa mwingine yeyote wa wakati wake. Ahmed Abdallah, mfanyabiashara tajiri kutoka Domoni katika kisiwa cha Anzuani, aliyekuwa akiongoza serikali, alipotangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975 bila kusubiri ridhaa ya Ufaransa, Soilih alikuwa upande wa upinzani, na hata mwezi haukutimia kabla hajapanga mapinduzi ya tarehe 3 Agosti yaliyomwondoa Abdallah. Kwanza alishika wizara ya ulinzi, halafu mwanzoni mwa mwaka 1976 akawa mkuu wa nchi.

Kuna jambo moja lililotokea kati ya tarehe hizo ambalo wapenzi wake hulipita haraka, nami nakuomba usilipite. Abdallah alipojichimbia Anzuani na kukataa kusalimu amri, Soilih alimkodi mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, aende kumkamata, na Septemba 1975 akamkamata kweli. Fikiri maana yake. Dola changa, yenye umri wa miezi miwili na ushei, ilimaliza ugomvi wake wa ndani kwa mkono wa mgeni aliyelipwa, na mgeni yule akapata nafasi ya kujua jinsi visiwa vinavyotekwa na jinsi ulinzi wake ulivyo mwembamba. Wanaosema kwamba ubeberu ulimleta Denard Komoro wana sehemu ya ukweli kwa habari ya mwaka 1978. Kwa mwaka 1975, aliyempokea na kumtuma ni Ali Soilih mwenyewe.

Sitaki kumdhulumu, kwa hiyo nikueleze pia mzigo aliourithi, maana sijui kiongozi gani angeubeba kwa urahisi. Ufaransa iliondoa wataalamu wake na kukata misaada, shule na hospitali zikabaki bila watu. Maore (Mayotte), kisiwa cha nne cha Komoro, ilikuwa imepiga kura nyingi za kukataa uhuru katika kura ya maoni ya Desemba 1974, Wafaransa wakaishikilia. Soilih alijaribu kuwashawishi Wamaore kwa ujumbe usio na silaha mwezi Novemba 1975, akafukuzwa. Kisha Desemba 1976 yakatokea mauaji ya Majunga, ambako Wakomoro waliokuwa wakiishi mji ule kwa vizazi waliuawa kwa mamia, na waliosalimika, watu wapatao elfu kumi na kadhaa, wakarejeshwa katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuikanyaga na ambayo haikuwa na chakula cha kutosha hata kwa waliokuwemo. Mpaka leo watu hao huitwa Sabena, kwa jina la shirika la ndege lililowabeba. Haujapita muda, Aprili 1977 mlima Karthala ukalipuka na lava ikakiteketeza kijiji cha Singani.

Katikati ya misiba hiyo alikuja na mawazo ambayo mimi, ingawa simpendi, nayaheshimu. Alitaka mamlaka yashuke kutoka mji mkuu, Moroni, hadi mudiriya, vituo vya utawala vya wilaya ambavyo vingine majengo yake bado yanatumika. Alihutubia kwa Kikomoro badala ya Kifaransa, kwa lugha ya mkulima na mvuvi, akasisitiza kwamba lugha hiyo iandikwe na itumike katika kazi za serikali. Na aliigusa anda, ile harusi kubwa ya Kingazija ambayo mtu huiwekea akiba miaka na miaka, akalisha mji mzima, akatoa dhahabu, ng'ombe na fedha, ili mwisho wake ahesabiwe kuwa mndrumdzima, mtu mzima mwenye haki ya kusema na kusikilizwa katika baraza la mji. Asiyeifanya, hata akiwa na shahada na mvi, hubaki katika safu ya watoto. Soilih aliona, na hapa aliona sawasawa, kwamba utajiri wa nchi maskini ulikuwa ukiteketea katika karamu, na kwamba sauti ya mtu isingekuwa huru maadamu inanunuliwa. Akaipiga marufuku.

Lakini tazama aliwatumia nani. Alishusha umri wa kupiga kura hadi miaka 14, akawapa wanafunzi wa sekondari kamati za kuendesha vijiji, na nyuma yao akaweka Komando Moissi, vijana wenye silaha. Wazee waliokuwa wamepata heshima yao kwa jasho la maisha yao yote wakajikuta wanaamrishwa, wanatukanwa, na wengine wanapigwa na watoto wa jirani zao. Mashehe walidhalilishwa, wanawake wakasumbuliwa kwa sababu ya mabuibui yao. Mwaka 1977 aliwafukuza watumishi wa serikali kwa maelfu na nyaraka za utawala zikachomwa moto. Wewe umeandika kwamba moto ule ulikuwa mwanzo mpya. Mimi nauona kuwa ni dhuluma kwa mtu mdogo kuliko wote, kwa maana mwenye nguvu hahitaji karatasi kuthibitisha kwamba shamba ni lake. Anayeihitaji ni mjane na yatima. Katika kura ya maoni ya Oktoba 1977 aliungwa mkono na wengi kidogo tu kupita nusu, na hilo peke yake lilitosha kumwonya mtu anayesikia. Machi 1978 wanajeshi wake waliwafyatulia risasi watu wa mji wa Iconi, Ngazija.

Waandishi wa kigeni wakifika hapa hupenda kusimulia habari za mganga, utabiri na mbwa mweusi. Sitakusimulia, kwa sababu kisa kile kinamgeuza kuwa kichekesho, ilhali alikuwa mtu mwenye akili nyingi aliyefanya maamuzi kwa makusudi, na anastahili kuhukumiwa kwa maamuzi hayo.

Tarehe 13 Mei 1978 Denard alirudi kwa bahari na watu wake wasiozidi hamsini, safari hii akiwa amelipwa na upande wa Abdallah, yule yule ambaye Denard alimkamata Anzuani mwaka 1975. Nchi nzima ilianguka usiku mmoja. Tarehe 29 Mei Soilih akauawa, kwa madai kwamba alikuwa akitoroka, akazikwa Chouani, kijiji cha kwao, akiwa na umri wa miaka 41. Ni kweli, basi, kwamba mkono uliomwondoa ulikuwa wa mzungu na fedha zilikuwa za tajiri. Lakini watu hawakusimama kumtetea. Mjini Moroni walitoka wakishangilia. Abdallah naye alitawala akilindwa na kikosi cha mamluki wale wale, kilichogharimiwa na Afrika Kusini ya makaburu, mpaka usiku wa Novemba 1989 alipopigwa risasi ndani ya ikulu yake, Denard akiwa chumbani humo. Aliyeshika nchi baada yake alikuwa Said Mohamed Djohar, ndugu wa mzazi mmoja wa Ali Soilih, na yeye pia Denard akaja kumpindua mwaka 1995, mpaka majeshi ya Ufaransa yakamwondoa Denard.

Anda haikufa. Ilirudi mara tu Soilih alipoondoka, na siku hizi sehemu kubwa ya gharama zake hutoka Marseille na miji mingine ya Ufaransa wanakofanya kazi vijana wa Ngazija. Kilichobadilika ni kwamba katika miji mingi wazee wenyewe wameamua sehemu ya fedha zinazotolewa katika anda iende kwenye barabara, shule na zahanati ya mji. Ni kidogo, na karamu bado ni kubwa mno kwa maoni yangu. Ukienda Ngazija, kaa na wazee hao uwaulize walikubalianaje, nani alipinga, na walimshawishi vipi. Kisha niandikie tena kuhusu kiongozi unayemtamani.

Nisalimie mama yako.

Mjomba wako