Karatasi ya kidato cha pili haijui Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo moja kuhusu Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania, toleo la 2023. Watu wamejadili sana mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, na miaka kumi ya elimu ya lazima. Lugha ya kufundishia wameiruka.

Nafundisha Biolojia katika sekondari ya kata. Muhula uliopita niliingia kidato cha pili na jani la mwembe mkononi, nikauliza kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa, mmea unajitengenezeaje chakula. Mikono ilinyooka miwili, yote ya watoto waliosoma "inglishi midiamu". Waliobaki waliinamia madaftari. Nikamwinua binti mmoja wa dawati la mbele. Akasema "the leaf", akatafuta neno la kufuata, akakosa, akakaa.

Nikafunga mlango, maana mwalimu wa taaluma hupitapita, nikauliza upya kwa Kiswahili. Binti yuleyule akaeleza usanisinuru mwanzo mwisho: mwanga, maji, kabonidayoksaidi, klorofili. Akaongeza, bila kuulizwa, kwa nini mahindi yaliyoota chini ya mti kwao huwa dhaifu. Haya alifundishwa shule ya msingi na akayaelewa. Lakini siku ya upimaji wa taifa wa kidato cha pili, unaofanywa kwa Kiingereza, karatasi yake itasema "the leaf" na kuishia hapo, na msahihishaji hana njia ya kujua kilichobaki kichwani. Akianguka atarudia darasa, na nyumbani wataambiwa mtoto hana akili.

Tangu 2016 ada ya sekondari ilipofutwa hadi kidato cha nne, watoto wa mkulima na wa mfanyabiashara wanakaa dawati moja. Ni jambo jema, nalishukuru. Ila mmoja wao alilipiwa miaka saba ya Kiingereza kabla ya kufika hapo, na mwenzake anapewa kozi ya wiki chache mwanzoni mwa kidato cha kwanza. Hata ndani ya shule za Serikali mgawanyiko upo: Olympio na Diamond za Dar es Salaam ni za umma na hufundisha kwa Kiingereza, na halmashauri nyingine nazo zimefungua za kwao, ambazo mzazi huchangia fedha. Asiye na fedha hizo anabaki na shule ya kawaida.

Nikiri kitu: mwanangu wa mwisho nami nimempeleka shule ya Kiingereza. Sikuwa na ujasiri wa kumfanyia majaribio. Kwa hiyo siwalaumu wazazi wanaotaka Kiingereza. Wanaona mlango uko wapi.

Sera ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Utekelezaji haukuja, na toleo la 2023 limerudisha Kiingereza sekondari. Wakati huohuo elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita. Mtoto wa kijijini atavuka kwenda lugha ngeni mwaka mmoja mapema zaidi, na safari hii kwa lazima.

Ninachoomba hakihitaji tume. Baraza la Mitihani tayari linatoa mtihani wa darasa la saba kwa lugha mbili, Kiswahili kwa wengi na Kiingereza kwa shule za mchepuo huo. Lifanye hivyo pia kwa upimaji wa kidato cha pili, kwa kuanzia na masomo ya sayansi, na mtahiniwa achague lugha ya kujibia. Kiingereza kiendelee kufundishwa kama somo, tena kwa vitabu na walimu wa kutosha, maana sasa hivi hata sisi tunaokitumia kufundishia, wengine wetu tunakichechemea.

Mimi nitaendelea kufunga mlango. Ila mwalimu wa taaluma ameanza kuuliza kwa nini darasa langu lina joto hivyo.

Mwalimu wa Biolojia,
Singida