Naomba Sekunde 43

Kaloleni, Kisumu
Jumapili, 8 Machi, saa tano usiku

Ndugu yangu Odhis,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Kumi la pili la Ramadhani linaelekea kuisha na joto la Kisumu unalijua, ikifika saa tisa alasiri ulimi umeshakuwa kipande cha mkeka. Bi. Mkubwa anakusalimu na anauliza kama huko Mombasa umepata mahamri ya kufikia yake. Nikamwambia hujasema. Akasema basi hujapata.

Najua aliyenyamaza ni mimi. Ni mwaka na miezi minne sasa. Ulinipigia mara mbili baada ya matanga ya babako sikushika, na Krismasi ukaniandikia maneno marefu nikakujibu kwa kidole gumba, kama mtu unayemdai. Sababu ipo, nitaisema humu humu, ila niache kwanza nizunguke kidogo. Ndani ya bahasha kuna flashi. Usiichomeke popote kabla hujamaliza kusoma. Nakujua wewe.

Kazi ni ile ile. Ninapiga filamu na filamu hazinilipi. Wanaonilipa ni wafu, Mungu anisamehe. Ijumaa na Jumamosi utanikuta Siaya, Bondo, mara Vihiga, mara Mumias, natembea kinyumenyume mbele ya jeneza huku Baro amenishika mkanda nisitumbukie kaburini. Siku hizi kila familia inataka matanga yarushwe moja kwa moja, ili binti aliye Marekani alie pamoja na wenzake. Intaneti ya kijijini ikikwama katikati ya historia ya marehemu, wanageuka kunitazama kama mimi ndiye niliyemuua. Nalipwa shilingi 12,000 kwa siku. Toa nauli, toa bando, toa Baro na chakula cha Baro (unakijua kile chakula), kinachobaki kinanunua unga na robo ya diski. Harusi za upande wetu zimelala hadi Idi.

Lakini omera, shule yangu ni hayo hayo matanga. Pale ndipo nilipojifunza kwamba mwenye kipaza sauti mara nyingi si wa kutazamwa. Mheshimiwa anahutubia, na nyuma yake kuna shangazi anahesabu sahani huku machozi yanamtiririka, hesabu haimpotei. Namfuata shangazi. Familia inalalamika kwamba mheshimiwa hakuonekana vizuri, wananikata elfu mbili. Nimekatwa elfu mbili mara nyingi sana.

Sasa hivi nina filamu moja ya dakika kama 18. Kijana anarudi Dunga kulipa deni la mafuta ya taa aliloliacha babake, anakuta wavuvi wote wa omena wamehamia taa za betri na za sola, na karabai ya babake hakuna anayejua kuiwasha. Basi, hiyo ndiyo hadithi. Njeri anasema haina hadithi. Nikamwambia hata yule Msenegali wangu, Ousmane Sembène, angeambiwa hivyo hivyo. Unamkumbuka? Nilikuchosha naye usiku mzima pale kwenu tukingoja boti. Nimemkumbuka zaidi tangu uende bandarini, kwa sababu naye alikuwa kuli, bandari ya Marseille huko Ufaransa, akaandika vitabu, halafu akiwa anakaribia miaka 40 akaenda Moscow kujifunza kamera, maana watu wake wengi hawakujua kusoma na alitaka wamwelewe. Mwaka 1963 akatoa filamu ya dakika kama ishirini tu: mtu na mkokoteni wa farasi, siku moja, Dakar. Anaingia mtaa wa matajiri ambako mikokoteni imekatazwa, polisi anamnyang'anya, anarudi nyumbani na farasi mtupu. Mtu yeyote aliyewahi kusukuma mkokoteni pale Kibuye ataielewa bila kutafsiriwa.

Na mwalimu wangu mwingine ni DJ Afro, yule msimulizi wa filamu za nje, cheka ukitaka. Kibanda cha video cha Nyalenda, shilingi kumi, sote tumebanana kwenye benchi, Mchina anapigana na sauti yake Afro inamwita jina la jirani yetu. Hatukuwa tunafuata picha, tulikuwa tunaifuata ile sauti. Nikiwa nakata picha usiku huwa najiuliza, hapa watoto wa Nyalenda wangeanza kupiga gumzo? Wakianza, nakata.

Bajeti ni 64,000, na nimeshakula 51,000. Taa ya kuakisi ni boksi la televisheni nililoligandisha karatasi ya fedha ya jikoni. Maiki nimeivisha soksi ya mtoto kwa ajili ya upepo. Picha za kuteleza tulipiga na kiti cha magurudumu cha nyanya yake Baro, mpaka siku ya pili kikadaiwa katikati ya onyesho kwa sababu nyanya alikuwa na kliniki. Ukiiona filamu utaona picha inateleza vizuri halafu inasimama ghafla. Nitasema ni mtindo.

Sasa tufike kwenye karabai.

Unakumbuka usiku wa mkesha wa mzee? Jenereta ya kukodi ilizima saa nane, muziki ukakatika katikati ya neno, watu wakawasha simu, kelele, kila mtu fundi. Wewe ukatoka ndani na karabai ya mzee. Kamera yangu ilikuwa inaendelea kuchukua, nimeielekeza kwenye hema. Nikaigeuza. Sijui kwa nini nilikaribia vile, lakini ndani ya picha hakuna uso wako. Kuna mikono tu. Unafuta kioo kwa upindo wa shati. Unamimina spiriti kwenye kile kikombe kidogo, unapiga kiberiti, halafu unangoja. Watu wanapiga kelele na wewe unangoja. Mkono wa kushoto umeulaza juu ya tangi la mafuta, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ndipo ukaanza kupiga pampu, taratibu, na ile soksi yake nyeupe ikashika, ikavuma, na nyuma yako zile simu zikaanza kuzimwa moja moja. Sekunde 43. Nimezihesabu.

Odhis, sijawahi kupiga kitu kizuri kama hicho, na sikukipiga, kilinikuta. Hata mwanga wenyewe. Taa hizi za bei rahisi zinachezacheza, jicho halioni lakini kamera inaona, inakuletea mistari kwenye picha. Karabai ni moto, haichezi hivyo. Mwanga umetulia kwenye vidole vyako kama samli.

Sababu yenyewe ya kimya changu ni hii. Ile flashi ya matanga niliyompa mama yako, na nakala niliyokutumia wewe, sekunde hizo hazimo. Nilizitoa. Nilijiambia nimetoa kwa sababu jenereta ilikuwa aibu ya familia. Uongo. Nilizitoa kwa sababu nilizitaka. Nilifanya kazi ya matanga ya mzee bila malipo, ukanishukuru mbele ya watu, na siku ile ile nilikuwa nimeshaweka kitu chako mfukoni. Kila uliponipigia nilikuwa naona ile mikono. Ndiyo maana sikushika.

Nilijaribu kuikwepa hiyo picha. Nilisema nitaiigiza upya. Mara ya kwanza nilichukua kijana wa tamthilia, mzuri wa sura, kucha zinang'aa kama za bwana harusi. Alimimina spiriti kama anayemwagilia sukuma, moto ukaruka, akapoteza nusu ya unyusi. Ilibidi onyesho la kesho yake tumpige upande mmoja. Mara ya pili tulikwenda ufuoni usiku, karabai ikawaka vizuri, na dakika mbili baadaye wale wadudu wa ziwani wakaja. Siyo wachache, wingu. Waliingia kwenye kioo, kwenye lenzi, mdomoni mwa Baro. Wavuvi walikuwa wamekaa wanatutazama, hawakusema kitu, wamejaa heshima. Mmoja akaniambia baadaye, "Mwalimu, taa ni ya kuita omena. Mnashangaa nini ikiwaita na hao?"

Mara ya tatu nilimpata mvuvi wa kweli, mzee wa kwenu huko Dunga aliyetumia karabai miaka na miaka. Mikono sahihi, spiriti sahihi. Tukapiga mara sita. Na haikuwa kitu. Kila mara alipofika pale pa kungoja, alinitazama mimi kuuliza kama inatosha. Wewe usiku ule hukuwa unamwonyesha mtu yeyote. Nimeziweka hizo picha mbili pamoja kwenye kompyuta, yake na yako, na hata Njeri ambaye hataki hadithi yangu alinyamaza, kisha akasema, "Hii ya pili ni nani?"

Basi Jumanne iliyopita nikajikaza nikaenda kwa Mama. Nilimkuta anaanika. Maji ya ziwa yamerudi nyuma kidogo tangu yale mafuriko, uwanja wenu umepata nafasi tena, na ule mwembe ambao mzee alifungia boti bado upo. Alinikaribisha, akakumbuka nimefunga, akakificha kikombe cha chai alichokuwa anakunywa mwenyewe. Nikamwonyesha kwenye simu. Akatazama mara ya kwanza bila kusema kitu. Akasema rudisha. Mara ya pili akachukua miwani. Mara ya tatu akaanza kukosoa! Spiriti ilikuwa kidogo, ona moto ulivyo mwekundu, babake angengoja zaidi, na huyu alikuwa anafutia kioo shati la Jumapili. Nikacheka, naye akacheka, kisha akawa halii wala hacheki. Nikamwuliza kama ninaweza kuiweka kwenye filamu. Akasema, "Nyathina, hiyo taa ningekupa hata leo uondoke nayo. Lakini hiyo siyo taa. Muulize mwenye mikono."

Ndiyo nakuuliza.

Sitaki ukubali kwa sababu ya urafiki. Filamu hii haina pesa na sitakuahidi tamasha la nje, wala redio, wala kitu. Itaonyeshwa kwa shuka jeupe ukutani pale Dunga, na baada ya hapo popote patakapoikubali. Leseni nimelipia, hiyo ndiyo karatasi pekee rasmi niliyo nayo. Ukisema ndiyo, jina lako na la mzee yataandikwa mwishoni, au yasiandikwe, utakavyo. Ukisema hapana, naitoa na natafuta njia nyingine ya kuimaliza, labda giza tupu na ule mvumo wake tu. Nimeijaribu, si mbaya. Si nzuri vile vile. Lakini vyovyote utakavyosema, flashi iliyo kwenye bahasha ni yako: sekunde 43 na dakika nyingine tatu za kabla na baada, ambazo sijazikata. Mle unasikika unamwambia mtu kitu kwa Kijaluo, siyo Kijaluo changu hiki cha sokoni, sikukielewa na sijamwomba mtu anitafsirie. Ilikuwa rahisi kumwomba Baro. Sikumwomba.

Kuna jambo moja la muda, lisikusukume. Giza la mwezi ni kama siku kumi zijazo, usiku ule ule sisi tutakuwa tunatafuta mwezi wa Idi. Wavuvi watakuwa ziwani wote kwa sababu wakati wa mbalamwezi omena hawafuati taa, na kuanzia Aprili uvuvi wa omena unafungwa. Kwa hiyo onyesho la boti ni mwezi huu au ningoje Agosti. Kama ungepata ruhusa kazini siku tatu, hata usipokaa mbele ya kamera, ningefurahi uwe ndani ya boti. Yule kijana wa tamthilia aliniambia anajua kupiga kasia. Tumegundua alimaanisha yale maboti ya kupiga pedali kwenye mbuga fulani ya watoto.

Sasa nijibu. Uliniona usiku ule nikigeuza kamera? Nimekuwa nikijiuliza hili kuliko yote, maana kuna pahali, sekunde ya 30 hivi, kidole chako kinasimama kidogo. Ulijua? Nani alikufundisha kuiwasha, mzee mwenyewe au ulijifunza kwa kumtazama? Nilijaribu kuliweka hilo kwenye filamu nikaona ninabuni kitu ambacho wewe unakijua. Ulikuwa unamwambia nani, na ulisema nini? Na ile ruhusa ya bandarini, bado yule msimamizi wako ni mgumu? Mguu umepona? Bado mnalala wanne chumba kimoja? Na mahamri kweli hujapata?

Dereva wa basi ni binamu yake Baro, atafika huko Jumatano alfajiri. Kuna boksi lina jina lako. Bi. Mkubwa amekaanga baada ya futari, akaniapisha nisile hata moja njiani. Liwahi mapema, yule jamaa akisikia harufu hana imani.

Ni mimi,
Hamisi