Barua ya wazi kwa ma-prefe (wakuu wa shule za sekondari) na wakurugenzi mnaounda chama cha vyuo vya ufundi

Jambo yenu, watoto wangu,

Nawaita watoto ingawa wengine wenu mna mvi kunizidi. Hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, hakuna siri: nimesikia mnakusanya sahihi za kuunda chama kimoja cha Kongo nzima, ma-ITP (shule za sekondari za ufundi), ma-ISTA (taasisi za juu za ufundi), vyuo vya mapadri na vya watu binafsi. Vizuri. Kila mmoja wenu ana wizara yake ya kubishia hodi, na INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyopo tangu 1964, ina njia yake. Mkienda mmojammoja mnarudishwa mmojammoja. Juu ya hilo sina neno.

Neno langu liko kwenye ukurasa wa pili wa rasimu yenu, alionisomea mjukuu wangu. Mmeandika kwamba shabaha ya chama ni kuviinua vyuo vyote mpaka viwe vyuo vikuu. Hapo nilivua miwani.

Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1992, politekniki, vyuo vyao vya ufundi, zikaruhusiwa kujiita vyuo vikuu, na karibu zote zikabadili vibao. Wakuu wake walikuwa na kamati yao tangu 1970, nayo ilisikilizwa. Baada ya vibao kubadilika, imsemee nani? Ikaingia ndani ya kamati ya wakuu wa vyuo vikuu, ikaishia humo. Afrika Kusini, zinakotoka malori yanayotuletea vipuri, technikon, vyuo vyao vya ufundi, ziligeuzwa au zikaunganishwa na nyingine, na mwaka 2005 kamati ya wakuu wake nayo ikaunganishwa na ya vyuo vikuu. Kenya (nchi, si komini yetu ya jina hilo hapa mjini) ilizipandisha politekniki za Nairobi na Mombasa kuwa vyuo vikuu mwaka 2013, kisha ikabidi taasisi nyingine zipewe jina la politekniki ya taifa, kwa sababu mafundi walikuwa bado wanahitajika. Waliuza sufuria, ndipo wakakumbuka kuna unga.

Sisemi fundi asisome. Mimi nilitoka shuleni mwaka 1974 na diplome ya A2, ile ya sekondari ya ufundi, mekaniki. Shule yenyewe sitaitaja. Tulikuwa na mashine tatu za kukereza chuma. Iliyozunguka ni moja tu, nayo ilifunikwa kitambaa cha maua mpaka siku ya mkaguzi. Hesabu nilijua, kuchora nilijua. Siku ya kwanza kazini, shefu wa ateliye (karakana), mzee ambaye hata shule ya msingi hakuimaliza, alinionyesha jiliwa, akanipa tupa na kipande cha chuma: nimtolee mchemraba wa milimita 30, pande zote sawa. Nilisugua siku mbili, viganja vikachubuka. Jioni ya pili akauegemeza guni, kile kipimo cha pembe mraba, akauinua kuelekea dirishani. Mwanga ulipita chini ya guni kama maji chini ya mlango. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kule walikuwa wanawafundisha nini, mwanangu?"

Miaka imepita na swali hilo bado halijapata mwenye kulijibu. Vijana wanaokuja kwangu na diplome mpya kuomba niwatafutie kazi migodini, wengi wao nikiwapa tupa wanaishika kama kalamu. Sasa mkiwapa jina la chuo kikuu, kitambaa cha maua kitakuwa kikubwa zaidi, basi.

Mji huu ulianza 1910. Mapadri Wasalesiani walifika mwaka uliofuata, wakaanzisha shule ya ufundi. Chuo kikuu kilikuja 1956. Hapa ateliye ndiyo kaka, sioni inamwomba radhi nani.

Futeni ukurasa wa pili. Mahali pake andikeni kwamba wanachama watatembeleana ateliye kwa ateliye, bila kupeana taarifa, na kuandika walichokiona: mashine ngapi zinazunguka, umeme ukikatika darasa linafanya nini, mwanafunzi anashika chombo saa ngapi kwa wiki. Ripoti isomwe mbele ya wote, pamoja na ya chuo cha mwenyekiti. Itauma. Mtihani wa mwisho wa mkono nao usisahihishwe na mwalimu aliyefundisha. Aitwe fundi kutoka mgodini au kwenye reli, mtu ambaye hana sababu ya kuwahurumia. Wizara ikiona chama kinajikagua chenyewe, mtakapoomba mashine haitapata pa kuanzia kuwakatalia.

Michango ya uanachama, toeni risiti. Mengine ya katiba mtayamaliza wenyewe.

Nasikia mkutano wa kwanza utafanyika hotelini. Ufanyieni kwenye ateliye ya mmoja wenu, na kitambaa kiondolewe. Nikialikwa nitakuja. Ule mchemraba ninao bado, unazuia karatasi mezani. Nitauleta mpitishe guni wenyewe. Niwekeeni tu kiti chenye mgongo, magoti haya si ya 1974.

Mzee wenu wa Katuba,
Lubumbashi